Kilio cha Allardville: Mpaka wa Uchaguzi na Sauti ya Wachache

Kijiji cha Allardville kiko kusini mwa mji wa Bathurst, katika mkoa wa New Brunswick, mashariki mwa Kanada. Wakazi wake wengi husema Kifaransa. Kilianzishwa katika miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka, na kikapewa jina la kasisi Allard, aliyewaongoza watu waliokosa kazi kwenda kufyeka msitu na kulima. Mwaka 2003 wakazi wa kijiji hicho waliarifiwa kwamba katika uchaguzi utakaofuata hawatapiga kura tena pamoja na jirani zao wa eneo bunge la Acadie—Bathurst. Tume ya mipaka ilikuwa imewahamishia Miramichi, eneo ambalo wengi wa wapiga kura wake ni wasemaji wa Kiingereza. Hakuna nyumba iliyobomolewa, wala hakuna mtu aliyefukuzwa shambani mwake. Mstari tu ulikuwa umesogezwa kwenye ramani. Hata hivyo watu hao walikwenda mahakamani, na tunaona yafaa wasomaji wetu waelezwe kwa kituo ni kwa nini walikwenda na ni nini kilichowapata huko.

Wapo watakaotuuliza kijiji cha wakata miti wa Kanada kinatuhusu nini. Jibu letu ni kwamba sheria ya Kanada na sheria yetu zimenyonya titi moja, la Uingereza, na swali lililopelekwa mbele ya jaji kule ndilo swali linaloulizwa hapa kwetu kila tume ya mipaka inapofungua ramani zake: je, mtu awakilishwe kwa hesabu ya vichwa peke yake, au pia kwa jumuiya anayoishi ndani yake? Tena tunaandika tukiwajua wasomaji wetu. Wengi wenu mmekaa katika kumbi za makanisa mkisikiliza mafunzo ya uraia, na mnajua kwamba haki ya kupiga kura inaweza kupunguzwa pasipo mtu yeyote kuzuiwa kuingia katika kituo cha kura.

Kesi ya Allardville haieleweki mpaka ijulikane kwamba watu wa asili hii waliwahi kuhamishwa kweli kweli. Waakadia ni kizazi cha Wafaransa waliolima kandokando ya Ghuba ya Fundy tangu karne ya 17. Mwaka 1755 watawala wa Kiingereza wa Nova Scotia waliwataka wale kiapo cha utiifu kisicho na sharti lolote. Walipokataa, walikusanywa, wakapakiwa merikebuni, familia zikatenganishwa, na nyumba zao zikatiwa moto. Kati ya mwaka huo na mwaka 1763 kiasi cha watu 10,000 waliondolewa katika nchi yao. Wengi walikufa kwa maradhi, na wengine kwa kuzama baharini. Walionusurika kwa kujificha misituni, na wale waliofanikiwa kurudi, walikuta mashamba yao yamekwisha kugawiwa wageni. Ndipo baadhi yao wakasogea kaskazini, kwenye pwani ya Ghuba ya Chaleur na rasi iliyo jirani nayo, mahali panapoitwa Caraquet, Shippagan na Tracadie. Ardhi ya huko ni hafifu na bahari yake huganda wakati wa baridi, kwa hiyo hakuna aliyewaonea wivu.

Hata huko hawakuachwa. Biashara ya samaki ilishikwa na matajiri kutoka kisiwa cha Jersey, wakiongozwa na kampuni ya ukoo wa Robin. Mvuvi alichukua chumvi, nyavu na unga kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, akalipa kwa samaki mwishoni mwake. Bei ya unga ilipangwa na tajiri, na bei ya samaki ikapangwa na tajiri yule yule. Msomaji aliyewahi kuuza mazao yake kwa mnunuzi mmoja tu, na kununua mbolea kwa mnunuzi huyo huyo, hahitaji mwalimu wa uchumi amweleze jinsi deni la namna hiyo linavyorithiwa na watoto.

Shirikisho la Kanada lilipoundwa mwaka 1867, pwani hiyo ilifanywa eneo bunge lililoitwa Gloucester. Jina la Acadie—Bathurst lilikuja baadaye sana, mwaka 1990. Mbunge wa kwanza wa Gloucester hakuwa Mwakadia. Alikuwa Timothy Anglin, Mkatoliki mzaliwa wa Ireland na mhariri wa gazeti katika mji wa Saint John, mtu aliyekuwa amelipinga Shirikisho lenyewe. Alifika hadi kuwa Spika wa Bunge. Mwaka 1877 alilazimika kuachia kiti chake kwa kuwa gazeti lake lilipokea fedha za serikali kwa kazi ya uchapishaji, jambo lililokatazwa kwa mbunge. Alirudi kwa wapiga kura, wakamchagua tena. Twawaachia wasomaji kuwaza ni wabunge wangapi wanaowajua ambao wangelazimika kufanya uchaguzi mdogo kila mwezi kama sheria hiyo ingeshikwa hivyo. Ilichukua miaka 27 tangu 1867 hadi eneo hilo, lenye Waakadia wengi, lilipompeleka Bungeni Mwakadia wake wa kwanza, Théotime Blanchard, mwaka 1894.

Katika miaka hiyo kulitokea jambo ambalo waumini wanaosoma ukurasa huu watalielewa upesi. Mwaka 1871 Bunge la New Brunswick lilipitisha sheria ya shule za umma. Kodi ya shule ilitozwa kila mtu, lakini fedha zake hazikuruhusiwa kusaidia shule za kidini, na kwa Waakadia shule ya kanisa ndiyo ilikuwa shule ya lugha yao pia. Wengi walikataa kulipa. Januari 1875, huko Caraquet, mkutano wa wilaya uliendeshwa na walipa kodi wachache, wengi wao Waprotestanti, kwa hoja kwamba asiyelipa kodi ya shule hana kura. Watu walighadhibika, fujo zikazuka, na askari wakaletwa pamoja na raia wa kujitolea waliopewa silaha. Walipoivamia nyumba ambamo vijana walikuwa wamejificha darini, risasi zililia. Walikufa wawili: John Gifford, mmoja wa wale waliokuja kukamata watu, na Louis Mailloux, kijana wa miaka 19. Waakadia kadhaa walishtakiwa kwa kifo cha Gifford, na hatimaye wakaachiliwa. Mwaka huo huo serikali ya mkoa ilikubali mapatano: watawa wangeweza kufundisha, na mafundisho ya dini yangetolewa baada ya saa za masomo. Sheria iliyokuwa haiwezi kubadilishwa hata herufi moja ikabadilishwa baada ya mazishi mawili.

Hatutawachosha kwa orodha ya wabunge waliofuata. Yatosha kumtaja Pierre-Jean Veniot, Mwakadia wa kwanza kuwa waziri mkuu wa New Brunswick, kuanzia 1923 hadi 1925, ambaye kisha alikuwa mbunge wa Gloucester kutoka 1926 hadi kufa kwake mwaka 1936. Alipokuwa waziri wa posta, Kanada ilianza kuchapisha stempu zenye lugha zote mbili, mwaka 1927. Ni kipande kidogo cha karatasi chenye gundi, lakini bibi kizee wa Shippagan aliyemwandikia mwanawe kwa mara ya kwanza aliona nchi yake ikimsemesha kwa lugha yake. Alikuwapo pia Hédard Robichaud, mbunge tangu 1953 hadi 1968 na waziri wa uvuvi, aliyekuja kuwa Mwakadia wa kwanza kushika cheo cha mwakilishi wa Malkia katika mkoa huo.

Mambo makubwa zaidi yalifanyika nje ya Bunge. Mwaka 1936, katika kijiji cha Petit-Rocher kilicho katika eneo hilo hilo, kilifunguliwa chama cha kwanza cha akiba na mikopo cha Waakadia, kwa juhudi za mapadre waliochoka kuwaona waumini wao wakizikwa na madeni. Katika kijiji hicho hicho, mwaka 1972, kikazaliwa chama cha siasa, Parti acadien, kilichotaka Waakadia wapate mkoa wao wenyewe. Hakikupata kiti hata kimoja. Wakati huo mkoa ulikuwa umekwisha kupitisha, mwaka 1969, sheria ya kuzifanya Kifaransa na Kiingereza lugha rasmi zote mbili, na mwaka 1993 usawa wa jumuiya hizo mbili za New Brunswick uliandikwa ndani ya Katiba ya Kanada. Tunayataja haya ili ieleweke kwamba ilipofika 2003, watu wa Allardville walikuwa na hazina ya sheria ambayo wazee wao wa 1875 hawakuwa nayo.

Sasa tugeukie kisa kinachowafurahisha wanamageuzi kila kinaposimuliwa. Kuanzia 1988 mbunge wa huko alikuwa Doug Young, mzaliwa wa Tracadie, mtu wa Chama cha Liberal. Chama chake kilipoingia madarakani mwaka 1993 alifanywa waziri wa uchukuzi, na chini yake shirika kubwa la reli la taifa liliuzwa kwa watu binafsi mwaka 1995. Mwaka 1996 akapewa wizara ya rasilimali za watu, na huko akaipitisha sheria mpya ya bima ya wasio na kazi.

Ili mjue uzito wa sheria hiyo, yafikirieni maisha ya rasi ile. Kaa na kambakoche huvuliwa kwa majuma machache ya mwaka. Wanawake wa viwanda vya samaki hufanya kazi usiku na mchana meli zinapoingia, kisha viwanda hufungwa. Msitu nao una msimu wake. Miezi ya barafu hakuna kazi yoyote, na jamaa huishi kwa ile bima waliyoichangia. Sheria ya 1996 ilianza kuhesabu saa za kazi badala ya majuma, ikamtaka anayeingia kazini kwa mara ya kwanza awe na saa 910 kabla ya kulipwa chochote, na ikaweka kanuni kwamba kila mtu anavyozidi kuitumia bima hiyo mwaka hadi mwaka ndivyo kiwango chake cha malipo kinavyopunguzwa. Kwa maneno mengine, mwanamke wa kiwanda cha kaa aliadhibiwa kwa kuwa bahari huganda. Na aliyeileta adhabu hiyo alikuwa mtoto wa nyumbani, aliyejua tarehe ya barafu kama alivyoijua siku yake ya kuzaliwa.

Watu waliandamana. Hasira nyingine ilitoka kwa serikali ya mkoa, iliyokuwa ikifunga shule za vijijini: Mei 1997, huko Saint-Simon na Saint-Sauveur, polisi wa kutuliza ghasia waliwatupia wazazi gesi ya kutoa machozi na kuwaletea mbwa. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa harufu ya gesi hiyo. Juni 2, 1997, siku ya uchaguzi mkuu, Waziri Young, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa wizara ya ulinzi, alishindwa na Yvon Godin, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyetoka katika migodi ya Bathurst. Godin alisimama kwa tiketi ya chama cha New Democratic, ambacho hadi siku hiyo hakikuwa kimeshinda kiti cha Bunge la Shirikisho katika New Brunswick. Wapiga kura wa vijiji vya wavuvi walimwondoa waziri mwenye walinzi na ndege, wakamchagua mtu wa mgodini. Ile kanuni ya kupunguza malipo ilifutwa mwaka 2001.

Katika wizara yake ya mwisho Young alifanya jambo moja ambalo lafaa likumbukwe katika pembe hii ya Afrika. Machi 1993 askari wa Kanada waliokuwa Beledweyne, Somalia, walimtesa kijana wa Kisomali, Shidane Arone, mpaka akafa. Tume ya uchunguzi iliundwa, nayo ilikuwa ikiwakaribia wakubwa wa jeshi na wa wizara. Januari 1997 Young aliiamuru ifunge kazi yake kabla ya kumaliza kuwahoji wakubwa hao, na ripoti ikatoka mwezi mmoja baada ya uchaguzi. Hatusemi kwamba wavuvi wa Caraquet walimwadhibu kwa ajili ya Shidane. Walikuwa na majeraha yao wenyewe. Ila twakiri kwamba sisi tuliposoma matokeo yale tulimkumbuka yule kijana.

Turudi Allardville. Kanada huchora upya mipaka ya uchaguzi kila baada ya miaka 10, hesabu ya watu ikishatolewa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wabunge wenyewe, yaani na chama chenye wengi. Mwaka 1882 serikali ya John A. Macdonald iliikatakata ramani ya Ontario kwa namna ya kuwabana wapinzani wake pamoja katika maeneo machache, mchezo ambao watu wa Nairobi na Nakuru wangeutambua mara moja. Sheria ya 1964 iliwanyang'anya wanasiasa kalamu hiyo. Kila mkoa sasa huundiwa tume ya watu watatu. Mwenyekiti ni jaji anayeteuliwa na jaji mkuu wa mkoa, na wengine wawili huteuliwa na Spika wa Bunge. Hufanya vikao vya hadhara, na wabunge wanaweza kuwasilisha pingamizi, lakini uamuzi hubaki kwa tume.

Kwa hiyo isidhaniwe kwamba Allardville ilionewa na chama fulani. Hatuna sababu ya kuwashuku wale watu watatu kwa hila yoyote. Walikuwa na tatizo la hesabu: Miramichi ilikuwa na watu wachache kuliko wastani wa mkoa, na Acadie—Bathurst, jirani yake, ilikuwa na watu wengi zaidi. Wakakata kipande huku wakakishona kule. Kipande walichokikata kilikuwa Allardville na sehemu ya wilaya ya Bathurst. Wakazi walipinga. Mbunge wao akapinga katika Bunge. Tume haikubadili nia. Uonevu wa mtu mwovu ni rahisi kuuelewa na kuukasirikia. Uonevu wa mtu mwaminifu aliyeinamia kikokotoo chake asiinue uso ni mgumu zaidi kuupinga, kwa sababu kila umwambiapo neno hukuonyesha jumla iliyo sahihi.

Wakazi walikwenda katika Mahakama ya Shirikisho. Kiini cha shauri kilikuwa kifungu cha 15 cha sheria ya mipaka. Kifungu hicho chaiagiza tume iukaribie kadiri iwezekanavyo wastani wa idadi ya watu. Lakini sentensi hiyo ina ndugu yake: tume inaweza kuuacha wastani inapoona ni lazima au inafaa, ili kuheshimu umoja wa maslahi au wa utambulisho wa jumuiya, au historia ya eneo lenyewe. Tofauti yaweza kufika asilimia 25 juu au chini ya wastani, na hata kupita hapo katika hali isiyo ya kawaida. Nayo Mahakama ya Juu ya Kanada ilikwisha kusema mwaka 1991, katika shauri la mipaka ya Saskatchewan, kwamba haki ya kura maana yake ni uwakilishi wenye nguvu, na kwamba usawa wa idadi ni nguzo ya kwanza ya uwakilishi huo bila kuwa nguzo ya pekee.

Uamuzi ulitolewa Mei 2004. Mahakama haikuona kwamba haki za kikatiba za wakazi zilikiukwa, na hapa wanasheria wenzetu vijana wajifunze kitu, maana wengi wao hukimbilia Katiba kabla ya kuisoma sheria ya kawaida. Ushindi ulipatikana katika kifungu cha 15. Jaji aliona kwamba tume iliing'ang'ania hesabu kupita jinsi sheria ilivyotaka, ikajinyima uhuru ambao Bunge liliipa wa kuiheshimu jumuiya. Ilikuwa imejifunga kwa kamba ambayo hakuna aliyeifunga nayo.

Haki hata hivyo ilichelewa. Mahakama iliahirisha utekelezaji wa uamuzi wake kwa mwaka mmoja ili Bunge lipate nafasi ya kurekebisha kosa, na uchaguzi wa Juni 2004 ukafanyika katikati ya muda huo. Watu wa Allardville, walioshinda kesi mwezi uliotangulia, walipiga kura Miramichi. Tunaweza kukisia walivyojisikia walipoipokea karatasi yenye majina ya wagombea wa mahali pengine. Serikali ilikubali uamuzi, tume maalumu ikaundwa kulitazama shauri hilo upya, na mwanzoni mwa mwaka 2005 Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha.

Sasa twapaswa kusema jambo ambalo baadhi ya rafiki zetu hawatalipenda. Neno hili, umoja wa jumuiya, ni neno la hatari. Katika nchi yetu limetumiwa na watu ambao wakisema jumuiya humaanisha kabila, na wakisema kabila humaanisha wapiga kura wao. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 chama tawala kilijipatia viti 100 kati ya 188 kikiwa na kura chache kuliko nusu, na sehemu kubwa ya siri ya ushindi huo ilikuwa maeneo bunge madogo yenye watu wachache katika sehemu alizoziona ngome zake. Kila eneo la namna hiyo lilipewa sababu: umbali, barabara mbovu, mila za wenyeji. Basi mtu makini anaweza kutuuliza tofauti iko wapi kati ya Allardville na hizo ngome.

Tumelifikiri swali hilo kwa muda, na hatudai kwamba jibu letu linaziba kila ufa. Tofauti ya kwanza ni nani anayesema. Kule, hoja ya jumuiya ilitoka kwa wakazi wenyewe, waliokwenda kwa hiari kuisema hadharani na kuhojiwa juu yake. Haikutoka Ottawa. Tofauti ya pili ni kipimo: jumuiya iliweza kupunguza usawa wa idadi, lakini ndani ya ukuta wa asilimia 25. Ya tatu, nayo kwetu ndiyo yenye uzito kupita zote, ni kwamba eneo lile halikuwa ngome ya mtu. Mji wa Bathurst una wasemaji wengi wa Kiingereza wapigao kura humo humo. Waakadia walimchagua Mwairishi alipowatetea, wakamtimua mwana wa Tracadie alipowaumiza. Godin alipostaafu mwaka 2015, baada ya miaka 18, hawakuona haja ya kumfuata mrithi wa chama chake. Walimchagua Serge Cormier wa Liberal, chama kile kile walichokiadhibu 1997, na wamemrudisha mara zote tangu hapo, pamoja na Aprili 2025. Jumuiya iliyohakikishiwa sauti yake ilipata uhuru wa kubishana ndani yake. Tunashuku kwamba anayeigawa ramani ili apate kura za kabila zima huyaogopa hasa mabishano hayo.

Bado kuna hoja ya yule mkulima wa Miramichi, ambaye wala hakuwa na kesi. Eneo lake likibaki na watu wachache, kura yake inakuwa na uzito kidogo zaidi ya kura ya mvuvi wa Caraquet. Waakadia, kwa kushinda, walikubali kura zao zipungue uzito. Hilo halisemwi sana, lakini lastahili kusemwa: walichagua kuwa wengi zaidi nyuma ya mbunge mmoja, mradi awe mbunge anayewasikia kwa lugha yao.

Godin, kwa mfano, alitumia miaka yake mingi akidai kwamba majaji wa Mahakama ya Juu waelewe lugha zote mbili bila mkalimani. Muswada wake ulipita katika Bunge la wawakilishi mwaka 2010, ukafia katika Seneti. Mwaka 2023, yeye akiwa amekwisha kuondoka, marekebisho ya sheria ya lugha rasmi yaliiwekea mahakama hiyo wajibu ambao awali ilikuwa imesamehewa. Wakili yeyote aliyewahi kumwona mteja wake akitikisa kichwa kukubali tafsiri asiyoielewa, katika mahakama zetu wenyewe, atajua kwa nini mtu aliyetoka mgodini aliona jambo hilo ni la kufa na kupona.

Ibara ya 89 ya Katiba yetu ya 2010 imejengwa kwa matofali yanayofanana na ya kifungu cha 15. Yataka maeneo yetu bunge 290 yaukaribie wastani wa watu, kisha yaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na 30 kwa sehemu nyingine. Miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa yametajwa umoja wa maslahi, na uhusiano wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Yataka pia tume ishauriane na wote wenye haja. Ukuta wetu ni mpana kuliko wa Kanada, na kadiri ukuta ulivyo mpana ndivyo anavyoweza kujificha nyuma yake mtu wa nia mbaya. Kwa sababu hiyo tunazisihi kamati za haki na amani za parokia, na vikundi vya wanamageuzi vya mitaa, vilichukue neno umoja wa maslahi mikononi mwao kabla halijachukuliwa na madiwani na wabunge. Andikeni: soko lenu liko wapi, watoto husoma wapi, maji hutoka wapi, mgonjwa hupelekwa wapi, ni lugha gani hutumika katika baraza. Wekeni tarehe na majina ya waliohudhuria. Pelekeni kwenye kikao cha tume nakala mbili, na moja irudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Watu wa Allardville walikuwa wamesema yao mbele ya tume, na kumbukumbu za maneno yao zikawafuata mpaka mahakamani. Tarehe 23 Januari 2006, katika majira ya baridi kali, walipiga tena kura katika Acadie—Bathurst.